Ile "kutu" ya mawe ya Lava Tower ndiyo msitu wa Antaktika?

Swali: Shikamoo Profesa. Mimi ni mpagazi, nabeba mizigo ya wageni Kilimanjaro mwaka wa nane huu. Mwezi uliopita tulipopumzika Lava Tower, mgeni mmoja aliyewahi kufika Antaktika alinionyesha yale madoa meusi na ya manjano yaliyoganda kwenye mawe, akasema, "Huu ndio msitu wa kule." Nikacheka, nikajua ananitania. Siku zote nilidhani ni kutu ya mawe. Je, ni kweli? Vinaishije pasipo udongo, tena kwenye giza la miezi? Nasikia pia Antaktika inageuka kijani. Si ni heri hiyo? Na la mwisho: nikibandua kipande nikaenda nacho nyumbani Marangu, kitaota?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mgeni wako hakukutania. Na ile si kutu. Ni viumbe hai, na baadhi yao huenda walikuwa palepale jiweni kabla babu wa babu yako hajazaliwa.

Antaktika haina mti hata wa dawa. Bara zima, kubwa kuliko Ulaya, lina aina mbili tu za mimea asilia inayotoa maua: nyasi moja fupi, na kimmea kingine kinachojikusanya chini kama mto mdogo. Zote mbili zinaota kwenye ile rasi inayonyooka kuelekea Amerika Kusini, na kwenye visiwa vya jirani. Kwingine kote, ukiona kitu chenye rangi kimeshika jiwe, ni jamaa za hizo "kutu" zako. Tena wanagombania nafasi finyu, maana ardhi isiyofunikwa na barafu haifiki hata asilimia 1 ya bara.

Niweke sawa majina kwanza, kwa kuwa Kiswahili chetu hakijatulia hapa. Vile vimmea vya kijani, laini kama zulia, unavyoviona kwenye ukuta wa tangi linalovuja, wengine huviita ukoga, wengine kuvu tu. Mimi nitaviita vigoga. Ni mimea kamili, ina vijani vyake, ila haina mizizi ya kweli wala mirija ya kupandishia maji. Yale madoa ya jiweni, pamoja na zile ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye miti kabla hamjatoka msituni, ni kitu kingine: kuvumwani. Jina limejieleza. Kuvu hujenga nyumba, hushika jiwe na kuzuia jua kali. Mwani, kijimea kidogo mno cha rangi ya kijani, hukaa ndani yake na kupika chakula kwa mwanga. Mswisi mmoja, Simon Schwendener, alipolisema hilo mwaka 1867, mabingwa wenzake wa kuvumwani walimkataa kwa dharau. Hawakutaka kusikia kwamba viumbe walivyovipanga maisha yao yote ni ubia wa wawili. Huko Antaktika zimehesabiwa aina za kuvumwani zaidi ya 350, na vigoga kiasi cha 100.

Kabla sijaendelea, safari ijayo nifanyie jambo moja. Tafuta kwenye miamba ile kuvumwani iliyo kama kipande cha jani kavu, cha kijivu au cheusi, kilichoshikwa na jiwe sehemu moja tu ya katikati, kama kifungo cha shati. Iguse ukingoni taratibu. Utaona ni kavu kama karatasi iliyoungua, ukilazimisha inavunjika. Sasa idondoshee maji ya chupa yako, matone matano au sita, usubiri dakika chache. Itatanuka. Itakuwa laini kama ngozi iliyolowekwa, na rangi itaanza kuelekea kwenye ukijani, kwa sababu lile tabaka la juu la kuvu likilowa linapitisha mwanga na mwani wa chini unaonekana. Ulichokidhani kimekufa kimeamka mbele ya macho yako. Muda huohuo kimeshaanza kupumua, na jua likiwepo kinaanza kupika.

Hapo ndipo penye jibu lako. Watu hudhani vita vya ncha za dunia ni baridi. Baridi ni kali, sikatai, lakini kinachoua ni kiu. Antaktika ni jangwa. Kwenye Mabonde Makavu ya McMurdo, kinachodondoka ni theluji kidogo tu, na sehemu kubwa yake hupotelea hewani bila kuyeyuka. Mmea wa kawaida, tuseme mgomba wako wa Marangu, hulinda maji yaliyo ndani yake kwa kila hali. Yakipungua sana, umekufa. Kigoga na kuvumwani havilindi chochote. Maji yakija vinalowa, maji yakiondoka vinakauka nayo mpaka vinakatika mkononi, na shughuli zote husimama. Kilichokauka kiasi hicho hata baridi ya nyuzi 50 chini ya sifuri haikipati, maana ndani hamna maji ya kuganda na kupasua chembe hai zake.

Na giza ni vivyo hivyo. Ni kweli kwamba kusini kabisa jua huzama lisionekane tena kwa miezi. Lakini giza hilo huja pamoja na baridi, na baridi hugandisha kila tone. Kwa hiyo kuvumwani haipiki, ila pia haili akiba yake. Ni kama kampuni yenu ya utalii mwezi wa nne, mvua za masika zikishika: haina wageni, lakini hainunui vyakula wala hailipi wapagazi. Kuna mwaka ambao siku za kazi huwa chache mno, saa kadhaa tu za adhuhuri theluji inapolainika juu ya jiwe. Zinatosha.

Hata hizo saa chache zina ujanja wake. Rangi nyeusi unayoiona hufyonza joto. Jiwe linalotazama jua linaweza kuwa na uvuguvugu huku hewa ya juu yake ikiwa chini ya sifuri. Matandiko ya vigoga ndiyo hodari zaidi kwa hili, kwa kuwa vishina hubanana bega kwa bega na upepo haupenyi. Kipimajoto kikichomekwa katikati yake siku ya jua tulivu huweza kupanda hadi zaidi ya nyuzi 20, wakati wewe uliyesimama pembeni umevaa makoti mawili. Kuna kuvumwani, ndugu wa hiyo ya kifungo niliyokutuma ukaitafute, zilizopimwa zikipika chakula kwenye nyuzi 17 chini ya sifuri, zikivuta unyevu kutoka kwenye theluji isiyoyeyuka. Na pale ambapo hata juu ya jiwe hapakaliki, baadhi zimehamia ndani. Mtafiti Imre Friedmann alipasua mawe ya mchanga ya yale Mabonde Makavu miaka ya 1970, akakuta chini ya ngozi ya jiwe mistari imepangana: mweusi, mweupe, halafu wa kijani. Kuvumwani imejenga kati ya chembe za mchanga, milimita chache ndani, panapofika mwanga hafifu na unyevu haukimbii upesi.

Umeuliza kuhusu udongo. Chakula cha chumvichumvi wanakipata wapi? Kuvumwani hupokea karibu kila kitu kutoka hewani: vumbi, theluji, chumvi ya bahari. Nyingine huota chini ya viota vya ndege na kunawiri kwa kinyesi. Ile rangi ya chungwa kali unayoiona kwenye miamba mara nyingi ni jirani wa ndege. Nilipata kukaa kiangazi kimoja Svalbard, visiwa vya Norwei karibu na ncha ya kaskazini. Bonde zima ni changarawe ya kijivu, halafu ghafla, chini ya jabali moja lenye makelele ya ndege wa baharini, unakanyaga zulia la kijani na mguu unazama hadi kifundo. Harufu yake sikusimulii.

Kuna kisa cha mbolea kinachonifurahisha kuliko vyote. Upande wa mashariki wa Antaktika, kwenye Visiwa vya Windmill karibu na kituo cha Casey cha Australia, kuna matandiko ya vigoga mazito kiasi kwamba watafiti wenyewe huyaita msitu. Mtafiti Sharon Robinson na wenzake walipopima nitrojeni iliyomo walikuta alama ya mnyama aliyekula vitu vya baharini. Lakini juu pale hapana pengwini. Walikuwepo! Miaka elfu kadhaa iliyopita palikuwa na makazi ya pengwini, wakahama, na samadi yao iliyokaushwa na baridi bado inalisha vigoga hadi leo.

Ndani ya zulia hilo mna wakazi. Hakuna swala wala chui. Wanyama wakubwa wa nchi kavu wasiotegemea bahari ni wadudu wa milimita chache tu. Kuna utitiri, kuna minyoo isiyoonekana kwa macho, na kuna yule kiumbe wa miguu minane anayeitwa dubu wa maji, mfupi kuliko milimita moja. Wajapani walichukua vigoga Antaktika mwaka 1983, wakaviweka kwenye friza. Mwaka 2014 wakaviyeyusha, wakakuta dubu wa maji wawili na yai moja, wote wamo. Mmoja alikufa baada ya wiki kadhaa. Mwingine alianza kutambaa, akala, akataga. Miaka 30 ndani ya friza, na aliyetoka alikuwa na njaa tu.

Vigoga vyenyewe vimewapita. Kisiwani Signy, upande wa Antaktika, Waingereza walichimba tandiko lililoganda, wakatoa kipande kilichokuwa zaidi ya mita moja chini. Walikikata, wakakiweka kwenye joto na mwanga wa kawaida bila kukipandikizia kitu. Baada ya wiki chache kikachipua. Kilikuwa kimelala zaidi ya miaka 1,500. Huko kaskazini, kisiwani Ellesmere nchini Kanada, mtafiti Catherine La Farge naye alikuta vigoga vikitoka chini ya barafu iliyorudi nyuma, vilivyofunikwa tangu karne nne hivi zilizopita, na vikaota tena.

Sasa usije ukadhani ni viumbe visivyoshindikana. Anayejua kusubiri hivyo hulipa kwa upande mwingine: hakui. Kwenye yale Mabonde Makavu kuna kuvumwani nyeusi iitwayo Buellia frigida ambayo sehemu nyingine haiongezeki hata milimita moja kwa miaka 100. Doa la ukubwa wa kizibo cha soda linaweza kuwa limeanza kabla Vasco da Gama hajafika Malindi. Mtu akija akakwangua herufi mbili za jina lake hapo, hakuna mjukuu wake atakayeona zimefutika. Unajua nazungumzia nini, umeziona herufi hizo kwenye mlima wako pia.

Polepole hiyo imewahi kuua maelfu ya wanyama. Kuna yule kulungu wa Aktiki, yaani eneo la ncha ya kaskazini, mwenye pembe za matawi, anayechorwa kwenye kadi za Krismasi akivuta gari la theluji. Majira ya baridi hufukua theluji kwa kwato na kula kuvumwani nyeupe zinazotanda chini kama sponji. Mwaka 1944 Wamarekani walipeleka kulungu 29 kwenye kisiwa cha St. Matthew, katikati ya Bahari ya Bering, kati ya Alaska na Urusi, wawe akiba ya nyama kwa wanajeshi. Vita ikaisha, wanajeshi wakaondoka, kulungu wakabaki. Hakuna mbwa mwitu, na zulia la kuvumwani lilikuwa nene, halijawahi kuguswa. Ilipofika 1963 walikuwa 6,000. Walikuwa wanakula mtaji wa karne nyingi kana kwamba ni nyasi za mvua ya jana. Ikaja baridi kali ya 1963 kuamkia 1964, chini hamna kitu. Mtafiti David Klein aliporudi mwaka 1966 alihesabu 42. Karibu wote walikuwa majike. Dume mmoja tu, naye pembe zake hazikuwa sawasawa. Baadaye wakaisha kabisa.

Na kwa kuwa kuvumwani hunywa kila kinachotoka hewani, hunywa na sumu. Mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ulipolipuka mwaka 1986, mvua iliangusha sesiamu yenye mionzi juu ya Norwei na Uswidi. Nyasi zilijisafisha mapema zaidi, kuvumwani zilishikilia. Kulungu wakala kuvumwani, na Wasami, wafugaji wao, wakajikuta na nyama ambayo hairuhusiwi kuuzwa. Nyingi ilitupwa, na miaka mingi baadaye mifugo ilikuwa bado inapimwa kabla ya kuchinjwa.

Haya, Antaktika kugeuka kijani. Ulichosikia ni kweli kwa upande mmoja. Kwenye ile rasi, picha za setilaiti zinaonyesha eneo lenye mimea halikufika kilomita 1 ya mraba mwaka 1986. Mwaka 2021 lilikuwa linakaribia kilomita 12 za mraba. Sehemu kubwa ni vigoga. Rasi imepata joto, barafu imeyeyuka, maji yapo, vigoga vimetanda.

Lakini nenda upande wa pili, kwenye ule msitu wa Windmill. Robinson na wenzake waliweka vipimo vya kudumu kuanzia mwaka 2000, wakarudi tena na tena kupiga picha viraka vilevile. Walipotoa matokeo mwaka 2018, habari ilikuwa nyingine. Kigoga kinachopenda majimaji, Schistidium antarctici, ambacho hakipo mahali pengine popote duniani ila Antaktika, kilikuwa kinapungua. Mahali pake palikuwa panachukuliwa na vigoga viwili vinavyostahimili ukame, ambavyo unaweza kuvikuta mabara mengine. Zulia la kijani liligeuka jekundu, kisha sehemu nyingine kijivu. Wekundu ni kinga: kigoga kikipata shida huacha rangi yake ya kijani na kutengeneza rangi ya kuzuia jua. Kijivu ni dalili ya kufa. Chanzo kilikuwa upepo. Tundu la ozoni, yaani kukonda kwa lile tabaka la hewa linalotukinga na miale mikali ya jua, ambalo Waingereza walilitangaza mwaka 1985, pamoja na gesi zinazoongeza joto duniani, vimezipa nguvu pepo zinazozunguka bara lile na kuzisogeza karibu nalo. Kwa hiyo ufukwe wa mashariki ukawa wa baridi zaidi, wa upepo zaidi, na mkavu. Bara moja, sababu zilezile: huku kumekuwa kijani, kule kumekuwa kijivu. Mtu akikuambia "Antaktika inakuwa kijani", muulize upande gani.

Hata kijani chenyewe sikishangilii moja kwa moja. Vigoga vikitanda vinaanza kutengeneza udongo, na udongo ni mlango wazi. Kwenye kisiwa cha King George, jirani na rasi hiyo, nyasi ndogo ya kigeni, Poa annua, imeshaingia na kuota kituoni kwa Wapolandi tangu miaka ya 1980, ikibebwa na viatu na mizigo ya watu. Na nyasi hiyohiyo, mwanangu, iko kwenye njia zenu za Kilimanjaro, kandokando ya kambi. Unaikanyaga kila wiki. Kaskazini nako, Aktiki ikipata joto, vichaka hurefuka na kuzitia kivuli kuvumwani, nazo kivuli haziwezi. Kulungu hawategemei vichaka hivyo wakati wa theluji.

Sasa hilo la kubandua kipande. Kwanza ile ni hifadhi ya taifa, na wewe unajua vizuri kuliko mimi askari wa getini watakuuliza nini. Lakini hata wakikuruhusu, hakitaota, na sababu yake si ile unayoifikiria. Hakitakosa maji Marangu. Kitayapata mengi mno, na wakati usiofaa. Kiumbe hiki kikilowa hupumua, na kadiri joto linavyopanda ndivyo kinavyopumua kwa kasi na kula akiba yake. Kule juu, usiku unapoingia kinaganda na kupumzika. Nyumbani kwako usiku ni wa umande na uvuguvugu: kimelowa, kina joto, hakuna mwanga wa kupikia. Kitakula akiba usiku kucha, na kivuli cha migomba mchana hakitakiacha kipate kufidia. Kitachakaa, ukungu wa kawaida utakipanda, na siku moja utakuta kimekuwa uji wa kahawia juu ya jiwe. Hicho ndicho kinachotutia wasiwasi kuhusu zile za ncha za dunia pia, majira ya baridi yakianza kuwa na mvua badala ya theluji, kwenye giza lilelile.

Ukitaka cha kuotesha, usiende juu kiasi hicho. Kuna kigoga kidogo cha rangi ya fedha, Bryum argenteum, kinachoota Antaktika, na kinachoota vilevile kwenye nyufa za saruji na kingo za barabara mijini, dunia karibu nzima. Siku ukishuka mjini Moshi inama utazame kwenye nyufa za zege, penye vumbi na maji ya kumwagika. Ukiona kimto kinachong'aa kama kimepakwa chaki ya fedha, kidondoshee maji, uone.